Kubadilisha hadi diski ya laptopu ya mtumba bila CD ya Windows

Mpwa wangu alinunua laptopu ya mtumba hapa tao, hizi zinaitwa ex-UK, HP EliteBook 840 G3, kwa macho bado iko poa, kibodi safi, skrini haina hata doa, lakini ukiiwasha unaweza kwenda kupika chai, uinywe, uoshe kikombe, ukirudi ukute bado vile vidoti vinazunguka. Akaenda kwa fundi, fundi akamwambia hadi diski imechoka, mpya iko, lakini Windows itabidi inunuliwe na CD yake, halafu kuna pesa ya kuiweka na pesa ya draiva. Akanipigia jioni, "Anko, hiyo CD inapatikana wapi?" Nikamwambia usinunue kitu, kuja nayo Jumamosi. Hiyo laptopu haina hata mahali pa kuingiza CD.

Naandika hii kwa sababu hiyo hadithi nimeisikia mara nyingi sana, na inaniuma mwanafunzi au mtu wa biashara ndogo akilipia kitu ambacho tayari anacho. Kazi yenyewe ni ya nusu siku kama hujawahi, ukizoea ni masaa mawili, na bisibisi unaishika dakika kumi tu, hiyo saa nyingine yote ni kungoja.

Kwanza tuelewane kuhusu CD. Zamani ile CD ilikuwa inabeba vitu viwili, mafaili ya Windows na namba ya leseni. Siku hizi mafaili yako bure kwenye tovuti ya Microsoft, mtu yeyote anadaunlodi. Na leseni, kwa laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda juu, imeandikwa kwenye chipu ndani ya mazabodi, na kama mashine iliwahi kuwa na Windows 10 halali basi seva za Microsoft zinaikumbuka hiyo mazabodi. Yaani leseni haikai kwenye hadi diski. Toa diski, weka nyingine, leseni iko pale pale. Hilo ndilo jambo watu wengi hawaambiwi.

Na kwa nini ubadilishe diski badala ya kununua laptopu nyingine? Hadi diski ya zamani ndani ina sahani zinazozunguka, kwa laptopu mara nyingi ni mara 5400 kwa dakika, na kuna kimkono kinakimbia huku na huku kutafuta data kama sindano ya santuri, kila kikihama ni milisekunde kumi na kitu zimeenda, na Windows ikiwaka inaomba vitu vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu tupu, haina kitu kinachosogea, inajibu chini ya milisekunde moja. Ukisoma faili moja kubwa, diski ya zamani inakupa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA (ile inayotumia plagi ile ile ya hadi diski) inafika karibu 550, lakini hata hiyo si ndiyo siri, siri ni ule muda wa kutafuta. Ndiyo maana hata laptopu ya 2012 ukiiwekea SSD inafufuka. Kama RAM ni GB 4 nayo iongeze ukipata, lakini kwanza diski.

Iulize mashine kabla ya kuifungua

Ikiwa bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, ingia. Hapo soma vitu viwili uandike kwa karatasi: "System Model" ndiyo jina kamili la laptopu, na "BIOS Mode" itasema UEFI au Legacy, yaani njia mpya au ya zamani ya mashine kuwaka. Piga picha na simu kabisa.

Kisha leseni. Ingia Settings, tafuta Activation. Ikisema imewashwa kwa "digital license" uko salama. Cheki pia ni Home au Pro, uandike, kwa sababu utaweka ile ile. Halafu fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, uandike slmgr /xpr, kitadirisha kitatokea, kikisema "permanently activated" ni sawa, kikikupa tarehe ya kuisha basi hiyo Windows iliwekwa kwa leseni ya ofisi kubwa au ni ya kreki, na hapa Nairobi ya pili ndiyo utaikuta sana. Usife moyo, hiyo haimaanishi mashine haina leseni yake. Mara nyingi leseni halisi iko kwenye chipu imelala tu, aliyeiuza aliweka Windows yake juu juu bila kuangalia. Kama ni Windows 10 andika kwa ile Command Prompt: wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey. Ikitoa herufi na namba 25, hiyo ndiyo leseni ya kiwandani, ihifadhi. Ikitoa patupu, haiko kwenye chipu.

Zile za zamani zaidi zenye stika ya Windows 7 chini au mahali pa betri zina shida kidogo, zamani namba ya hiyo stika ilikubali kuwasha Windows 10, lakini Microsoft walifunga huo mlango Septemba 2023. Kama mashine ilishapandishwa kabla ya hapo, inakumbukwa. Kama haikuwa, chaguo lako ni kununua leseni au kuweka Linux Mint, ambayo ni bure kabisa, na kwa mtu wa kuandika, intaneti na kutazama video mimi naona inatosha.

Kopi kabla ya bisibisi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu hulia.

Usifungue skrubu hata moja kabla hujakopi vitu vyako mahali pengine. Siyo Documents peke yake. Angalia Desktop, angalia Downloads (watu wengi wa hapa wanaishi ndani ya Downloads, risiti za KRA, vyeti vya eCitizen, stetimenti za M-Pesa, zote ziko huko), angalia picha, angalia mafaili ya QuickBooks kama unafanya hesabu za duka, angalia barua za Outlook kama unaitumia, kwa sababu hizo zinakaa kwenye folda iliyofichwa. Paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza nazo, ingia akaunti yako ya Google uhakikishe zimesawazishwa, la sivyo zitaenda na diski.

Halafu kuna kufuli la BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski nzima kwa siri. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za ofisi huko Uingereza na kwingine, na hata Windows ya kawaida siku hizi inajifunga yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Fungua Command Prompt kwa kuibofya kulia na kuchagua "Run as administrator", andika manage-bde -status. Ikionyesha imefungwa, ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu uchukue ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, uiandike kwa daftari. Bila hiyo namba, siku utachomeka diski ya zamani kwenye kompyuta nyingine itakuwa kama sanduku lililofungwa na ufunguo umezama baharini.

Pia daunlodi CrystalDiskInfo, ni programu ndogo ya bure, itakuambia afya ya diski. Ikiwa na rangi ya njano na neno "Caution", au ukisikia diski yenyewe inapiga tik tik tik, hiyo iko njiani kwenda. Usiisumbue, kopi vitu vya muhimu kwanza, vile huwezi kuvipata tena, filamu na nyimbo baadaye.

Jirani yangu wa ploti alibadilisha diski akafurahia spidi, siku hiyo hiyo akaifomati ile ya zamani amuuzie mtu. Wiki ya pili ndipo akakumbuka folda ya picha za marehemu mama yake. Haikuwa kwenye simu, haikuwa kwa Google, ilikuwa kwenye ile diski peke yake. Kwa hivyo nikikuambia diski ya zamani usiiguse, nina sababu.

Kununua SSD

Bei sitaandika, inapanda na kushuka na dola. Ukienda Luthuli au Moi Avenue, zunguka maduka matatu manne kabla ya kutoa pesa, na beba laptopu yenyewe au angalau picha ya diski yake na jina la modeli.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya inchi 2.5 ya SATA, sura yake ni kama hadi diski ya kawaida lakini nyepesi, unene milimita 7, inaingia karibu kila laptopu yenye hadi diski. Kama ya zamani ilikuwa na unene wa 9.5 utahitaji kikava cha plastiki cha kujaza nafasi, au kikaratasi kigumu tu ili isichezecheze. Ya pili ni M.2, ile kama kipande cha chingamu, urefu kwa kawaida milimita 80, lakini kuna fupi za 42. Na M.2 yenyewe iko ya SATA na iko ya NVMe, njia nyingine ya kuongea na mashine, ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili kwenye meno yake na ya NVMe pengo moja, na laptopu inayokubali moja si lazima ikubali nyingine. Kwa hivyo tafuta mwongozo wa modeli yako kwa tovuti ya HP, Dell au Lenovo, uone inasema nini, usiamini mtu wa kaunta anayesema "hii inaingia zote."

Ukubwa, mimi nasema GB 240 au 256 ndiyo ya kuanzia. Ile ya 128 inajaa haraka sana, Windows na masasisho yake yanakula nafasi, na SSD iliyojaa mpaka pomoni inapunguza mwendo.

Tahadhari na feki. Ziko SSD na flashi ambazo kwa nje zimeandikwa 1TB au 2TB, ukizichomeka zinaonyesha hivyo hivyo, lakini ndani ni chipu ndogo tu, ukiandika zaidi ya hapo inafuta ya kwanza kimya kimya. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, ondoka. Dai risiti iliyoandikwa muda wa waranti, na ukifika nyumbani, kabla hujaweka chochote, iweke kwenye kava ya USB uijaribu na H2testw, ni ya bure pia, inaijaza yote halafu inasoma kama ilichoandika bado kiko. Inachukua muda, lakini wacha ichukue.

Hiyo kava ya USB nunua pamoja na SSD. Utaitumia kujaribu, na mwisho itakuwa nyumba ya diski yako ya zamani. Bisibisi ndogo ya nyota nayo, na kama ni HP uwe na Torx T8 (ile ya pembe sita) karibu.

Flashi ndiyo CD yako

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, isiwe na kitu unakipenda kwa sababu itafutwa yote. Kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, hata hiyo hiyo yako kabla ya kuifungua, ingia tovuti rasmi ya Microsoft udaunlodi Media Creation Tool, ifungue, chagua kutengeneza flashi, iache ifanye. Inashusha zaidi ya GB 4, kwa hivyo usianze hii kitu na bando za simu za siku moja, tafuta waifai ya nyumbani au ya rafiki. Ukienda saiba, nenda na flashi yako na ukae hapo mpaka iishe.

Ukiwa na faili la ISO tayari (Windows nzima ndani ya faili moja), tumia programu ya bure ya Rufus kuiandika kwa flashi. Hapo ndipo ile karatasi yako inasaidia: mashine ikiwa UEFI chagua GPT, ikiwa Legacy chagua MBR, hizo ni namna mbili za kupanga diski.

Windows 10 au 11? Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watu wa kawaida wanaojiandikisha kuna masasisho ya usalama ya nyongeza mpaka Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Kujua kizazi angalia namba baada ya kistari, i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6, yaani 840 G3 ya mpwa wangu haikufikisha. Iko njia ya kuilazimisha na Rufus, inafanya kazi kwa wengi, lakini Microsoft hawaitambui na sasisho kubwa linaweza kukataa siku moja. Mimi nilimwambia mpwa wangu akae na 10 na ajiandikishe kwa yale masasisho, na baada ya hapo tutaweka Linux.

Jambo dogo linalosahaulika: kwenye flashi hiyo hiyo ikishamaliza, weka draiva ya waifai ya laptopu yako kutoka tovuti ya kampuni. Windows ikiwa mpya wakati mwingine haioni waifai. Ukisahau, chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa USB tethering, intaneti inaingia.

Sasa fungua

Zima kabisa, shikilia Shift huku ukibofya Shut down, kwa sababu kuzima kwa kawaida kwa Windows 10 ni kama kulala nusu. Toa chaja. Betri ikiwa ya nje, itoe. Ikiwa ya ndani, ukishafungua kifuniko chomoa plagi yake kwanza kabla ya kitu kingine, na kwa ThinkPad kama T440s na T450 ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine, kabla ya Windows) kwa F1, upande wa Config halafu Power, kuna mahali pa kuizima betri ya ndani. Kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Gusa kitu cha chuma kabla ya kugusa ndani.

Weka skrubu kwa mpangilio, mimi nachora mstatili kwenye karatasi na kila skrubu naiweka mahali ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ukiiweka pa fupi inaweza kutoboa upande wa kibodi. Kifuniko kikigoma usitumie kisu. Tumia ile kadi ya plastiki inayobaki ukitoa laini ya simu, pitisha pembeni pole pole, vibanio vitaachia kimoja kimoja.

Diski ya inchi 2.5 mara nyingi imevaa kifremu cha chuma au raba. Toa skrubu zake, ivute kwa mlalo mpaka itoke kwenye meno, si kwa kuinyanyua juu. Kifremu kihamishie kwa SSD upande ule ule, la sivyo haitakaa. Kama imeunganishwa kwa kebo bapa, hiyo kebo ni laini kama karatasi, shika plagi yake, si kebo. Ingiza mpya mpaka usikie imekaa, rudisha betri, lakini kifuniko bado usikifunge skrubu zote, funga mbili tu mpaka ujue inafanya kazi.

Laptopu yenye nafasi zote mbili, ya M.2 na ya 2.5, wakati wa kuweka Windows acha mpya peke yake ndani. Huwezi kufuta kwa makosa diski ambayo haiko ndani.

Kuweka Windows

Washa ukiingia BIOS, HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1. Angalia kama SSD inaonekana kwa jina. Haionekani? Zima, fungua, isukume tena, nane kati ya kumi ni kutokaa vizuri, naongea kwa yale nimeona mimi. Ukiwa hapo angalia pia mpangilio wa SATA, yaani namna mashine inavyoongea na diski, uko kwa AHCI, Dell nyingi zinakuja zikiwa RAID na Windows mpya inaweza kukosa kuiona diski. Badilisha sasa, kabla ya kuweka, si baadaye.

Chomeka flashi, washa tena ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia, HP F9, Dell F12, ThinkPad F12, chagua flashi yako, na mashine ikiwa UEFI chagua ile yenye neno UEFI mbele.

Kutoka hapo ni kufuata. Lugha, ndiyo, Install. Ikiuliza leseni na huna namba, bofya "I don't have a product key", chagua Home au Pro ile uliyoandika kwenye karatasi. Kwa zenye leseni kwenye chipu mara nyingi haiulizi kabisa. Ikiuliza Upgrade au Custom, ni Custom. Halafu itakuonyesha orodha ya diski, na hapa tulia usome. SSD mpya itaandikwa "Unallocated Space" na ukubwa wake, GB 223 au 238 hivi kwa zile za 240 na 256, haijaibiwa, ni hesabu ya kompyuta na ya kiwanda kutofautiana. Flashi yako pia inaweza kuwa kwenye orodha, usiiguse. Kama uliifomati SSD wakati wa kuijaribu na H2testw, bofya Delete kwenye kipande chake kwanza. Chagua ile nafasi tupu, bofya Next, usianze kugawanya gawanya, Windows itajipangia yenyewe.

Ikikataa na kusema diski ni ya MBR, bonyeza Shift na F10, kidirisha cheusi kitafunguka, andika diskpart, kisha list disk, soma ukubwa uhakikishe namba ya SSD, select disk na hiyo namba, clean, halafu convert gpt. Neno clean halirudishwi nyuma, ndiyo maana nikasema ya zamani iwe nje.

Itajizima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Ikiwaka mara ya kwanza chomoa flashi, la sivyo unaweza kujikuta umeanza upya. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na moto, stima ikienda katikati isikukute.

Ukiingia ndani, unganisha intaneti, endesha Windows Update mpaka isiwe na kitu, rudi pale Activation uone. Ikibaki haijawaka baada ya saa moja, bofya Troubleshoot. Draiva zilizokosekana chukua kwa tovuti ya kampuni ukitumia namba ya mashine iliyo chini, achana na zile programu za kutafuta draiva, nyingi zinakuja na matangazo. Na kama mtu akikuambia ukaidefragi SSD (kupanga upya mafaili kama kwa diski ya zamani), hapana, haihitaji, Windows inaitunza yenyewe kwa TRIM. Ukitaka kuhakikisha andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikijibu 0 iko kazini.

Na kukloni je?

Kuna wanaotaka kuhamisha kila kitu kama kilivyo. Kwa laptopu yako mwenyewe uliyoinunua mpya, sawa. Kwa ya mtumba mimi napinga wazi, kwa sababu hujui mwenye awali aliacha nini, hujui muuzaji aliweka kreki gani, na kreki nyingi zinabeba vairasi. Ukikloni unahama na wageni wote waliokuwa ndani ya nyumba.

Lakini kama iko programu huwezi kuiweka upya, basi: tumia programu inayokuja na SSD (kampuni nyingi zinatoa bure kwa wateja wao) au Clonezilla, ya bure nayo. Zima BitLocker kwanza, endesha chkdsk kukagua makosa ya diski, chomeka SSD kwenye kava ya USB, hakikisha mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni mwisho, anza. Clonezilla kwa kawaida inataka mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, kwa hivyo kutoka 500 kwenda 256 tumia ile ya kampuni ya SSD. Ikimaliza, zima, badilisha, na mara ya kwanza iwake na mpya peke yake, usiiwashe zote mbili zikiwa zimechomekwa, Windows inachanganyikiwa na diski pacha.

Ile diski ya zamani

Iweke kwenye kava ya USB, ichomeke, rudisha mafaili yako. Ukifungua folda ya Users ikakuambia huna ruhusa, bofya Continue, ngoja. Kisha iweke kabati. Mwezi mzima. Ndani ya huo mwezi utakumbuka kitu, kila mtu hukumbuka.

Baada ya hapo kama ni nzima ni diski nzuri ya kuhifadhia. Ukitaka kuiuza au kuigawa, kufomati kwa haraka hakufuti, mtu anaweza kurudisha kitambulisho chako, stetimenti zako, kila kitu. Tumia diskpart, chagua hiyo diski kwa makini, andika clean all, hiyo inaandika sifuri diski nzima, itachukua masaa, iache usiku. Na kama ndani kuna vitu vya mwenye laptopu wa zamani huko ng'ambo, usivifungue, vifute, ni siri za mtu.

Ya mpwa wangu sasa inafika kwenye skrini ya kuingia kabla hajamaliza kuvuta kiti. Leseni ilikuwa kwenye chipu, Windows 10 Pro, ilijiwasha yenyewe tukiunganisha waifai. Diski yake ya zamani ameifunga kwa kitambaa ndani ya droo, juu amebandika kikaratasi na seloteki chenye tarehe ya kuifuta.